Kuvuta Gari Dogo Nyuma ya Motahomu: Vifaa Vinavyoshika Nafasi ya Dereva Asiyekuwemo

Familia inayosafiri kwa motahomu, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, hugundua mapema kwamba gari hilo halifai kwa kila mwendo. Haliingii vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, ni vigumu kulipatia maegesho karibu na soko la Kongowea, na likishatulia kambini Tiwi au Diani, kulifungasha upya ili mtu akanunue mkate na samaki ni usumbufu mtupu. Ndiyo sababu wasafiri wengi, hasa Marekani, huvuta gari dogo nyuma ya kubwa, magurudumu yake yote manne yakiwa barabarani, bila ya kulipandisha juu ya trela. Hapa Mombasa jambo hili linawahusu wasafiri wa masafa marefu wanaoshusha magari yao bandarini Kilindini, na linawahusu pia wenyeji wanaogeuza Toyota Coaster au lori dogo la Isuzu kuwa nyumba ya safari. Swali la kwanza ambalo karibu kila mmoja huuliza ni chuma gani cha kuvutia, yaani kile kinachoyaunganisha magari mawili, anunue. Kwa maoni yangu swali hilo lilistahili kuwa la tatu.

Sote tumeona gari bovu likivutwa kwa kamba kuelekea gereji, mtu mmoja akiwa ndani yake. Mtu huyo hakukaa pale kwa starehe. Anageuza usukani ili magurudumu ya mbele yafuate njia, anakanyaga breki ili asiligonge gari lililo mbele yake, anaangalia kamba isilegee, na kama kuna harufu ya kuungua au gurudumu limeanza kuburuzika, yeye ndiye wa kwanza kujua. Katika uvutaji wa motahomu ndani ya gari dogo hamna mtu, na safari si ya kilomita tatu kwa mwendo wa miguu, bali inaweza kuwa ya kilomita zipatazo 480 kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa mwendo wa barabara kuu. Basi kila kazi aliyokuwa akiifanya mtu yule lazima ipewe kifaa cha kuifanya, na kazi yoyote iliyokosa kifaa haikuondoka, imebaki bila mwenyewe.

Tuanze na ile isiyoonekana kwa macho, kwa sababu ndiyo inayoamua kama gari lako linaweza kuvutwa hata kidogo. Magurudumu yanapozunguka, huzungusha sehemu ya ndani ya giaboksi. Katika giaboksi nyingi za otomatiki, pampu inayosukuma oili kwenye gia na beringi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, pampu imelala, lakini vyuma vya upande wa magurudumu vinaendelea kuzunguka vikikosa oili ya kuvipoza na kuvilainisha. Havilii wala havitoi moshi mapema. Vinachomeka taratibu, na mwenye gari hupata habari atakapowasha injini na kuona gari halisogei. Kuweka gia kwenye fri, yaani bila gia yoyote kushika, hakusaidii chochote hapo, kwa kuwa fri hukata nguvu ya injini, haikati mzunguko unaotoka magurudumuni. Magari yenye giaboksi ya CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, kwa jumla hayafai kabisa. Honda CR-V ni mfano mzuri wa jinsi gari lilelile linavyoweza kubadilika: matoleo yake yaliyouzwa Marekani hadi ya mwaka 2014 yalipendwa sana kwa kazi hii, lakini toleo la 2015 lilipoletwa na CVT, ruhusa hiyo ilikwisha.

Giaboksi ya mkono huaminiwa zaidi, na mara nyingi kwa haki, lakini si zote. Kwenye baadhi ya magari yanayosukumwa kwa magurudumu ya nyuma, gia inayorusha oili juu ya nyingine huwa imesimama wakati gari liko fri na injini imezimwa, kwa hiyo shafti ya nyuma huzunguka ikiwa kavu kama ilivyo katika otomatiki. Magari ya magurudumu manne yenye kasha la pili la gia huwa na bahati ikiwa kasha hilo lina nafasi yake ya fri, kwa sababu hapo ndipo giaboksi hutenganishwa na magurudumu kikweli. Jeep Wrangler imepata sifa yake kwa njia hiyo. Kasha la pili huwekwa fri, na giaboksi yenyewe, kinyume cha wengi wanavyodhani, haiachwi fri: ya otomatiki huwekwa kwenye P, na ya mkono huingizwa gia.

Hapa kwetu kuna ugumu wa ziada. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoshuka bandarini ni mitumba ya Japani, otomatiki au CVT, na kitabu cha gari, kikiwemo, kimeandikwa Kijapani. Hata ukipata mtu wa kukusomea, utakachokuta mara nyingi ni maelezo ya kuvuta gari lililoharibika, kwa mwendo mdogo na umbali mfupi, na ruhusa hiyo ya dharura haigeuki kuwa ruhusa ya kulivuta gari hadi Voi. Ninashauri kwa moyo mmoja: pasipo na maneno ya wazi ya mtengenezaji kwamba gari hilo, la mwaka huo, lenye giaboksi hiyo, linaruhusiwa kuvutwa magurudumu manne yakiwa chini, chukulia kwamba halikuruhusiwa. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mafundi wetu wa bredauni wanaijua dawa nyingine, nayo ni kufungua propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, kabla ya kuvuta, jambo wanalolifanya kila mara kwa malori. Dawa hiyo inafanya kazi, ila ni ya kulala chini ya gari na spana kila unapofika na kila unapoondoka. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele hata hiyo haipo, na jibu la kweli ni trela, au kitoroli kinachonyanyua magurudumu mawili ya mbele.

Likishapita mtihani huo, linafuata swali la uzito, ambalo ni hesabu fupi isiyotaka huruma. Mtengenezaji wa gari linalovuta huweka kikomo cha uzito wa kuvutwa, na kikomo kingine cha jumla ya magari yote mawili yakiwa na watu, maji, mafuta na mizigo. Tundu la chuma linalofungwa nyuma ya motahomu, ambalo kwa kawaida ni la mraba wa inchi 2, lina kikomo chake kilichogongwa juu ya kibati. Chuma cha kuvutia kina chake, na mabano yanayofungwa kwenye gari dogo yana yake. Kikomo cha mfumo mzima ni kile kilicho kidogo kuliko vyote. Kama chuma kinahimili kilo 3,000, tundu kilo 2,000, na mtengenezaji wa gari anaruhusu kilo 1,500, basi unaruhusiwa kilo 1,500, na fedha ulizotoa kununua chuma cha 3,000 hazikukuongezea hata kilo moja. Motahomu zilizojengwa na mafundi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mara nyingi chesisi hurefushwa kwa nyuma ili kupata nafasi ya kitanda au choo, na tundu la kuvutia hufungwa kwenye kipande hicho cha kuunga. Kipande hicho hakina nguvu ya chesisi ya asili. Tundu lifungwe kwa bolti kwenye chesisi yenyewe, na lisishikizwe kamwe kwenye bampa.

Sasa ndipo tunapofika kwenye chuma cha kuvutia. Umbo lake ni la herufi A: ncha moja inaingia kwenye motahomu, na miguu miwili inashika pande mbili za mbele ya gari dogo. Kwa kuwa miguu ni miwili iliyopanuka, gari dogo haliwezi kuyumba ovyo kama linavyoyumba kwenye kamba, na magurudumu yake ya mbele yanalazimika kufuata. Viko vya aina ngumu, ambavyo ni rahisi kwa bei lakini vinataka gari lisogezwe hadi matundu yakutane sawasawa, na viko vyenye miguu inayorefuka na kufupika, ambavyo hujifunga vyenyewe unapoanza kuondoka. Makampuni kama Roadmaster, Blue Ox na Demco ya Marekani yamejenga jina kwa vyuma vya aina hii ya pili. Tofauti kati ya aina hizo ni ya wepesi wa kazi. Kwa uimara, chuma kigumu kilichotengenezwa vyema hakina aibu.

Jambo la kupimwa kwa makini ni kimo. Chuma kinapaswa kulala karibu sawa na ardhi, na watengenezaji kwa jumla hawapendi tofauti ya kimo kati ya ncha zake izidi sentimita 10 hivi. Kikiinama sana kuelekea gari dogo, wakati wa breki kali gari hilo hujaribu kupanda au kujichimbia chini ya motahomu, na nguvu iliyotakiwa kwenda mbele hugeuka kuwa nguvu ya kukunja. Kwa Coaster au lori lenye kimo kirefu, kipande cha kushushia tundu hutumika kuurekebisha urefu huo, lakini kipande hicho nacho kina kikomo chake cha uzito, na mara nyingi ni cha chini kuliko cha tundu lenyewe.

Kwenye gari dogo, miguu ya chuma hushikwa na mabano yaliyofungwa nyuma ya bampa. Magari mengi ya kisasa hayana chesisi ya kujitegemea, mwili wenyewe ndio unaobeba, kwa hiyo mabano lazima yashike sehemu zile zilizotengenezwa nzito: mihimili ya mbele na pahali pa ndoano ya kuvutia, tena kwa bolti kadhaa upande huu na upande huu. Kwa kuwa mabano ya kiwandani ya magari yanayouzwa Afrika Mashariki ni adimu, wengi watakwenda kwa fundi wa kuchomelea. Sina ubaya na hilo, maana mafundi wa Changamwe na Mikindani wanajenga bodi za malori zinazobeba tani nyingi, lakini yako mambo mawili ambayo mwenye gari anapaswa kuyasimamia mwenyewe. La kwanza ni bolti. Namba iliyogongwa kichwani ndiyo cheti chake: bolti ya 8.8 imetengenezwa kuhimili mvuto wa takriban megapaskali 800 kabla ya kukatika, na 10.9 takriban 1,000, ilhali bolti isiyo na namba haina ahadi yoyote. La pili ni kutu. Hewa yetu ya chumvi hula chuma kutoka ndani, na gari lililokaa miaka kadhaa Nyali au Bamburi linaweza kuwa na mhimili unaong'aa nje na kumomonyoka ndani. Fundi aukague kwa kuugonga kabla hajatoboa tundu la kwanza, na baada ya kuchomelea apake rangi ya kuzuia kutu kila pembe, hata ile ambayo haitaonekana.

Pamoja na chuma huenda nyaya mbili za chuma au minyororo ya usalama, zinazopishana chini yake zikishika pande zote mbili. Chuma kikivunjika au pini ikichomoka, hizo ndizo zinazolizuia gari dogo lisitoroke kuelekea upande wa magari yanayokuja, na kule kupishana huifanya ncha ya chuma ipokewe badala ya kuchimba lami. Ziwe na urefu wa kutosha kona, zisiwe ndefu za kuburuzika.

Breki ndiyo sura ninayoomba isomwe mara mbili, kwa sababu ndiyo inayorukwa na wengi kwa hoja kwamba gari dogo ni jepesi na motahomu lina breki za lori. Tufanye hesabu. Motahomu la kilo 5,000 linalotembea kilomita 80 kwa saa, likikanyagiwa breki kwa nguvu nzuri, linaweza kusimama katika mita 42 hivi tangu breki ziliposhika. Liongezee gari la kilo 1,100 lisilojifunga breki lenyewe, na nguvu ya breki ikibaki ileile, zitahitajika mita 51. Hizo mita tisa ni zaidi ya urefu wa Coaster nzima. Tena, wakati wa kusimama ghafla kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, gari hilo dogo linaisukuma sehemu ya nyuma ya motahomu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 550, na kama wakati huo unakata kona, msukumo huo hauji kwa mstari ulionyooka, unausukuma mkia wa motahomu kando. Teremko la kutoka Mariakani kupitia Mazeras hadi Miritini, likiwa limejaa malori yanayoshuka kwa gia ndogo kuelekea bandarini, ni mahali pa kuielewa hesabu hii kabla ya kufika.

Kwa sababu hiyo gari dogo lazima lijifunge breki lenyewe. Vipo vifaa vya aina tatu. Kuna sanduku linalowekwa mbele ya kiti cha dereva, lenye mkono unaokanyaga pedali kila linapohisi kwamba mwendo unapungua. Ni rahisi kuhamisha kutoka gari moja hadi jingine, ila linapaswa kurekebishwa kila linapowekwa. Kuna mfumo unaofungwa moja kwa moja, unaoendeshwa na hewa au umeme kutoka motahomu, ambao hukanyaga kwa kadiri ile ile dereva anavyokanyaga mbele. Na kuna ule wa msukumo, unaotumika zaidi Ulaya, ambapo gari dogo likisukuma chuma mbele, chuma hujibana na kuvuta waya wa pedali. Kwa motahomu iliyojengwa juu ya lori lenye breki za hewa, mfumo wa pili ndio ninaoupendelea, kwani nguvu inayohitajika tayari ipo garini na breki za magari mawili hufanya kazi kwa kipimo kimoja.

Kuna jambo linalosahaulika hapa. Wepesi wa pedali ya breki unatokana na kifaa cha kusaidia kinachotumia mvuto wa hewa wa injini. Injini ikizimwa, akiba hiyo huisha baada ya kukanyaga mara chache, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kifaa cha breki lazima ama kiwe na nguvu ya kuikanyaga pedali hiyo ngumu, au kiwe na pampu yake ya kuzalisha mvuto wa hewa. Muuzaji asiyeweza kukujibu swali hilo hakijui anachokiuza. Upande wa pili wa hatari ni breki inayoshika na kutoachia. Ukiwa mbele hutaisikia, na diski za gari dogo zinaweza kuwaka moto kabla hujafika Samburu, ile ya njiani kuelekea Voi. Kwa hiyo taa ndogo kwenye dashibodi ya motahomu, inayowaka kila breki za nyuma zinaposhika, si pambo.

Karibu na breki kuna swichi ndogo ya kukatikia. Ni pini iliyofungwa kwa waya mwembamba kwenye motahomu. Magari yakitengana kabisa, pini huchomoka na breki za gari dogo hufungwa kwa umeme wa betri yake mwenyewe. Waya wake uwe mrefu kuliko chuma, na usifungwe kwenye mnyororo wala kwenye chuma chenyewe, maana kitu kikivunjika huvunjika pamoja na kilichofungiwa.

Taa zinaeleweka haraka zaidi: za breki, za indiketa na za usiku za gari dogo zifuate za motahomu. Nyaya za motahomu zikiunganishwa moja kwa moja na za gari dogo, umeme unaweza kurudi kinyume na kuharibu vidhibiti, hivyo huwekwa diodi zinazouruhusu upite upande mmoja tu, au huwekwa balbu za pekee zisizohusiana na nyaya za gari. Lakini kwetu lazima nisisitize volti. Malori mengi ya Isuzu na Coaster nyingi za dizeli hutumia umeme wa volti 24, na gari dogo hutumia 12. Balbu ya 12 ikipewa 24 huungua papo hapo, na kifaa cha kielektroniki huungua nayo. Lazima kiwepo kibadilishi cha kushusha volti kati ya magari hayo mawili, na plagi ipakwe grisi ya umeme, kwa kuwa chumvi ya hewa yetu huzijeruhi pini za shaba upesi sana.

Usukani wa gari dogo lazima uachwe huru. Ufunguo huwekwa kwenye nafasi inayofungua kufuli la usukani, na nafasi hiyo huamsha vifaa kadhaa vinavyonyonya betri polepole. Safari ya siku nzima inaweza kuimaliza, na betri ikiisha, kifaa cha breki na swichi ya kukatikia vimekufa pamoja nayo. Waya mdogo wa kuchaji kutoka motahomu hulitatua jambo hilo, nao upitie kwenye kibadilishi kilekile cha volti.

Kuhusu kurudi nyuma, hakuna kifaa cha kulitatua. Magurudumu ya mbele yametengenezwa kwa mwinamo unaoyafanya yajinyooshe gari linapokwenda mbele. Likirudi nyuma, mwinamo uleule huyageuza hadi mwisho wa usukani, kisha gari huburuzwa kwa ubavu na chuma hukunjika. Ndiyo maana dereva wa motahomu hupanga njia mapema na kuingia tu mahali anapojua atatokea mbele. Kwa anayekwenda Pwani ya Kusini, barabara ya Dongo Kundu ina nafuu kubwa kuliko feri ya Likoni. Kwenye feri, mwinuko wa kuingilia hubadilika na maji, na wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapozidi mita 3, pembe ya kupandia inaweza kuukwangua mkia wa motahomu na kulikunja chuma. Anayelazimika kupita Likoni afungue kabla ya kuingia foleni, mwenzake aliendeshe gari dogo. Kufungua kwenyewe kufanywe mahali palipo sawa, magari yakiwa yamenyooka, kwa kuwa pini iliyobanwa na mvutano haitoki bila nyundo.

Baada ya kufunga, mtu mmoja akanyage breki, awashe indiketa zote na taa, mwingine akiwa nyuma anatazama. Breki ya mkono ya gari dogo iangaliwe kwa mkono, si kwa kukumbuka. Kisha, baada ya kilomita chache tu, kwa mfano kwenye kituo cha mafuta kabla ya kuanza kupanda Mazeras, simama. Kaza nati zote, angalia pini na klipu zake, na upitishe kiganja karibu na kila gurudumu la gari dogo bila kuligusa. Manne yakiwa na joto linalolingana, endelea. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inaburuzika au beringi imeanza kuchoka, na hapo chuma kifunguliwe na gari liendeshwe hadi kwa fundi wa karibu.